Chipu iliyopigwa msasa

Kuna mama wa hapa Kondele, Kisumu, niliyemtoza pesa ya lenzi wakati lenzi yake ilikuwa nzima. Tangu siku hiyo nina neno moyoni kuhusu hizi chipu za kunakiliwa tunazofunga kwenye PlayStation za zamani, na leo nalitoa.

Mashine ni ile ya kwanza, ya kijivu, ya mwanawe. Diski zake ni halali kabisa, alitumiwa na shemejiye aliye Marekani, lakini mashine ni ya soko la Ulaya, kwa hiyo bila chipu hazichezi. Chipu nikaiweka mwenyewe. Baada ya muda mama akarudi: asubuhi gemu inaanza bila shida, ikifika saa saba, jua la Kisumu limechoma mabati, mashine inakataa diski na kuomba iwekewe diski ya PlayStation. Nikatamka lile neno ambalo kila fundi wa gemu mjini hulitamka: lenzi imekufa. Akalipa. Wiki mbili hazijaisha, huyo tena mlangoni. "Fundi, ni ile ile."

Safari hii nikaweka CD ya muziki, saa nane mchana, kibanda kikiwaka moto. Ikaimba kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Lenzi iliyokufa haisomi hivyo. Moyo ukanishuka.

Ili uelewe kilichotokea, jua kwamba diski halali ya PlayStation ina siri pale ndani karibu na tundu, lenzi inapoanzia kusoma. Mfereji wake unayumba kidogo, na kuyumba huko kunataja herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine ya kawaida ya kuchoma CD haiwezi kuyumbisha mfereji namna hiyo. Kazi ya chipu ni kuinong'oneza PlayStation herufi inazotaka kusikia, kwa mwendo wa biti 250 kwa sekunde, yaani kila biti hukaa milisekunde 4. Ikienda mbio mno au ikichelewa, haieleweki.

Nikaichomoa ile chipu. Miguu minane, na mgongoni jina limepigwa msasa mpaka plastiki imekuwa nyeupe. Nikachukua na tano zilizobaki kwenye mfuko nilionunua, nikazisoma moja moja kwenye kompyuta. Ikazitambua: ni chipu za aina ya PIC12F629. Chipu hii hupima mwendo wake kwa saa iliyo ndani yake yenyewe, na saa hizo hazitoki kiwandani zikilingana. Kwa hiyo kiwanda huipima kila chipu na kuiandikia namba yake ya kurekebisha saa katika nafasi ya mwisho ya kumbukumbu. Namba zinazowezekana ni 64. Programu ilikuwa imefungwa, haisomeki, ila hiyo namba ya mwisho ilisomeka. Zote sita zilikuwa na namba moja.

Yaani mtu alichukua kazi ya chipu moja, akainakili nzima nzima pamoja na kipimo cha saa yake, akaibandika kwenye chipu nyingine zote. Ni kama fundi cherehani apime mteja mmoja kisha awashonee ukoo mzima. Mmoja itamkaa, mwingine itambana, na chipu ya mama nadhani ilikuwa ukingoni tu: asubuhi inavumilia, joto la mchana linaisukuma ng'ambo.

Mimi sipingi kunakili. Ningepingaje, nikiishi Kisumu? Jiko letu la bati na udongo lilitokana na jiko la Thailand miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali wakaliiga mpaka likaenea nchi nzima. Lakini jiko liko wazi. Udongo ukipasuka unaona umepasuka wapi, unajua lilitengenezwaje, unalikarabati. Huyu wa chipu alichukua kazi ya mwenzake bila hodi, akaiharibu kwa kutoielewa, kisha akaifunga kwa kufuli na kupiga msasa ili mimi nisiitazame. Hapo ndipo ninapokasirika. Gharama ya kosa lake haikumfika yeye wala aliyeniuzia. Ilimfika mama aliyekuja na pesa amezifunga kwenye kitambaa.

Rafiki yangu aliniambia, "Omera, chipu yenyewe ni ya wizi, unaililia nini nakala yake?" Sikubaliani naye. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Australia ilisikiliza kesi kati ya Sony, watengenezaji wa PlayStation, na Stevens, aliyekuwa akiuza na kufunga chipu hizi Sydney, na Stevens akashinda. Bunge lao lilibadilisha sheria mwaka uliofuata, kwa hiyo sisemi mambo ni rahisi. Nasema tu kwamba mama huyu hakumwibia mtu. Diski zilinunuliwa, mashine ilinunuliwa.

Na njia ipo. Kuna programu iitwayo PsNee, iko wazi mtandaoni, kila mstari unasomeka. Unanunua chipu tupu iitwayo ATtiny85, nayo ina miguu minane, unaiandikia programu hiyo mwenyewe. Kipimo cha saa yake kiwanda hukiweka mahali ambapo kufuta programu hakukigusi, kwa hiyo kosa lile haliwezi kujirudia. Tena chipu ikishaitaja siri, inanyamaza. Programu nyingi za zamani hupiga kelele muda wote, na gemu za miaka ya mwisho ya mashine hii zilitegwa kuisikiliza hiyo kelele na kugoma.

Ndiyo niliyomwekea mama, na pesa ya lenzi nikamrudishia. Mafundi wenzangu wa Kondele, Kibuye na Nyalenda, nawaomba: mteja akija na mashine yenye chipu inayokataa diski, kabla hamjataja lenzi, wekeni CD ya muziki. Ile lenzi niliyomtolea bado ninayo kwenye droo. Nimeijaribu katika mashine tatu, na zote zinasoma.