Kilwa Kisiwani haimalizwi kwa saa moja

Makala niliyosoma imeorodhesha vivutio vya Afrika vizuri, ila kuwaambia wageni kwamba saa moja inatosha Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale kwenye pwani ya kusini ya Tanzania, ni kuwapotosha. Tengeni nusu siku. Kibali chukueni kwanza Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo ya kisiwa, ndipo mshuke bandarini kutafuta mashua. Ulizeni maji yanajaa saa ngapi, kwani yakishakupwa mashua hukwama mbali na mtavuka tope kwa miguu. Viatu vya kulowa ni lazima.

Wengi huishia kwenye Gereza, yaani ngome ya kale, wakapiga picha na kurudi. Hasara kubwa! Ingieni Msikiti Mkuu, mtazame juu: kuba na matao yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe yale yalichongwa yakiwa bado mabichi kutoka baharini, yakakauka na kuwa magumu. Kisha tembeeni mashariki hadi Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 lenye birika la pembe nane, ukingoni mwa bahari. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Msipande kuta, chokaa inabanduka. Na maji ya kunywa bebeni ya kutosha, magofuni hakuna duka.