Sekunde 5.51 na jalada lisiloonekana

Kuna kijana tunafanya naye kazi ghalani hapa Minneapolis. Mpole, hana neno na mtu, ila saa ya mapumziko usikae karibu naye, maana kazi yake ni kuangalia video za watu wanaomaliza gemu kwa kasi. Juzi kanibana na gemu ya Atari ya mwaka 1980, Dragster. Gari linakimbia mstari ulionyooka, unabadilisha gia, ukizidisha moto injini inalipuka, ukipatia umefika. Basi. Mchezo mzima kwa fundi haufiki sekunde sita. Na huyu kijana kanisogezea simu mpaka juu ya wali wangu, ananieleza kwa nini 5.57 inawezekana na 5.51 haiwezekani.

Nilikereka, jamani. Mtu ana kodi ya nyumba inamsubiri, anagombania sehemu sita za mia za sekunde katika gemu iliyotengenezwa hata wazazi wake hawajajuana.

Lakini nikamsikiliza, na kadiri alivyoendelea, hasira yangu ikahama kutoka kwake ikaenda kwetu Tanzania, kwenye masjala za ardhi.

Kisa chenyewe ni cha Mmarekani anaitwa Todd Rogers. Enzi zile ukipata muda mzuri ulipiga picha ya televisheni yako na kuituma kwa posta kwa Activision, wenye gemu. Ukiwa chini ya sekunde sita unatumiwa beji ya kitambaa, unashona kwenye jaketi, unatamba mtaani. Mwaka 1982 Rogers akaandikiwa 5.51. Akawa mtu. Hutajwa kati ya watu wa mwanzo kabisa waliopata riziki kwa kucheza gemu. Twin Galaxies, watunza rekodi walioanzia Iowa chini ya Walter Day, wakaja kuiingiza kwenye orodha yao, na Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, nao wakaitambua kuwa rekodi ya gemu iliyodumu kuliko zote. Miaka 35 hakuna aliyeigusa. Mafundi walikuwa wanafika 5.57 wanagonga mwamba.

Mwaka 2017 akatokea Eric Koziel, wenzake wanamwita Omnigamer, akaufungua msimbo wa gemu yenyewe. Kaseti nzima ni kilobaiti mbili. Ile picha ya maua ya "Asubuhi njema" anayotutumia shangazi kila siku kwenye kundi la familia ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Akapiga hesabu ya kila njia ambayo gari lile linaweza kupita, gia kwa gia. Jibu likagoma kwenye 5.57. Rogers alikuwa amedai siri yake ni kuanzia gia ya pili, msimbo ukakataa. Kwenye gemu yake nyingine, Barnstorming, watu waliondoa vikwazo vyote njiani na bado muda wake haukufikiwa. Januari 2018 Twin Galaxies wakafuta rekodi zake zote na kumfungia, Guinness wakafuata. Mwenyewe alishikilia kwamba hakudanganya.

Sasa nyie mlioko nyumbani, masjala ya ofisi ya ardhi mnaijua, sina la kuwaeleza. Mnalijua lile dirisha dogo, mnamjua mama mwenye kitenge begani anayeandika jina lako kwenye kipande cha karatasi kisha anakiweka chini ya kikombe cha chai. Kiwanja cha marehemu baba kina barua ya toleo, kina risiti, kina muhuri. Ofisini jalada halionekani. Halijapotea, angalieni lugha, halionekani. Mhusika yuko semina. Akirudi semina, mfumo uko chini. Mfumo ukipanda, anatokea mzee mmoja mwenye suti ya kaunda anasema yeye anakumbuka kiwanja kile alipewa mtu mwingine, na neno lake linakaa pale pale palipotakiwa kukaa jalada.

Mzee anakumbuka! Todd Rogers naye alikuwa anakumbuka.

Najua mtakachoandika. "Mbeba maboksi keshaanza." Nabeba, ndiyo, tena asubuhi kwenye baridi ambayo sitaki kuielezea. Ila boksi ninalobeba lina namba, na boksi la soksi likikosekana, msimamizi anatembea na kimashine chake mpaka lionekane. Soksi hizo. Sasa mnataka nisilinganishe?

Wengine mtasema, hao wazungu wako si ndio walidanganyika miaka 35? Kweli kabisa, na kwenye hili sitawatetea. Cheti kilitolewa, beji zikashonwa, na ulipokuja ubishi hakuna aliyeweza kuitoa ile picha ya 1982. Masjala yao nayo ililala usingizi kama ya kwetu. Waongo wako kila mahali, na wakubwa wa kuwalinda waongo wako kila mahali. Kinachoniuma mimi ni kwamba kaseti ilikuwepo. Mtu asiye na cheo chochote, hana mjomba Activision, aliweza kuichukua, kuifungua, kuhesabu, na kuweka hesabu zake hadharani kila mtu azikague. Hakuambiwa njoo kesho. Hakuulizwa katumwa na nani. Mimi nikitaka kujua kiwanja cha baba yangu mzazi nakitafutia barua ya mtendaji, na mtendaji naye anataka kujua kwa nini nauliza.

Na msiniambie Mwafrika hatunzi kumbukumbu, hiyo siikubali hata kidogo. Mwulize shabiki yeyote wa Simba habari ya kumfunga Yanga 1977, atakwambia sita bila kabla hujamaliza swali, na tano bila ya Mei 2012 atakutajia na hali ya hewa. Mtu wa Yanga naye atakunyamazisha na tano moja ya Novemba 2023. Tukitaka kukumbuka tunakumbuka mpaka tunakera.

Huyo kijana wa ghalani nilimnyamazisha kwa Filbert Bayi, mkimbiaji wetu. Nikamwambia acha magari ya Atari, tafuta Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, mita 1500. Akaitafuta. Akamwona Bayi anatoka mbele tangu mlio wa bastola, anawaacha, John Walker anamfukuza hadi kwenye utepe hampati. 3:32.2, rekodi ya dunia. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola muda ule haukuvunjwa mpaka Birmingham 2022. Kijana akairudia mbio ile mara mbili, akaanza kuhesabu mizunguko kama kawaida yake, na mimi kifua kikapanda, nikala wali wangu uliopoa kwa raha zote.

Kisha raha ikakatika, maana nilijiuliza saa iliyompima ilikuwa ya nani. Mtanirukia hapa, nirukieni tu. Sisi tukiachiwa kutunza matokeo huwa hivi: mtoto wa dada yangu kule Tanga ni fundi wa PlayStation, kibanda kizima kinamjua. Mwezi uliopita alikuwa anaongoza tatu bila fainali ya mtaa, umeme ukakatika. Mwenye kibanda kasema mechi haihesabiki, rudieni, na hela mtoe upya. Mashahidi walikuwa watoto ishirini, wote waliona. Umeme uliporudi kila mmoja alikuwa na matokeo yake.

Halafu hawa hawa wapenda gemu za kasi, kiangazi wanakusanyika hapa Minneapolis, wanacheza usiku na mchana watu wakichangia Madaktari Wasio na Mipaka. Ndio madaktari haohao waliokuwa wakitibu wakimbizi wa Burundi pale Nduta, Kibondo. Kwa hiyo neno "upuuzi" nililomrushia kijana wiki ya kwanza, siku hizi nalimeza.

"Rudi basi uje uipange hiyo masjala." Nimelisikia hilo kutoka kwa kaka yangu mwenyewe, na kwa simu niliyomnunulia mimi. Sawa, kaka. Lakini kabla sijarudi, ile barua ya toleo ya mzee bado iko kwako kwenye sanduku la bati. Piga picha, kila ukurasa, na nyuma penye muhuri, unitumie leo. Ukishatuma, endelea kunitukana.