Merikebu za kivita: ipi ikanyagwe, ipi itazamwe

Desemba 1949 Uingereza iliitegea baruti merikebu yake Implacable na kuizamisha kwa makusudi. Chombo hicho kilipigana katika vita vya majini vya Trafalgar mwaka 1805 upande wa Wafaransa, kikatekwa majuma machache baadaye. Nchi ilikuwa imetoka vitani na fedha za ukarabati hazikupatikana. Hoja ya gharama bado ina uzito, nami siibezi: ukarabati wa HMS Victory, merikebu iliyowaongoza Waingereza hapo Trafalgar, ulioanza 2022 huko Portsmouth, Uingereza, unakadiriwa kula zaidi ya pauni milioni 40.

Wapo wanaouliza kuna faida gani kumwaga fedha zote hizo kwenye chombo ambacho mbao zake nyingi si zile za 1765 kiliposhushwa majini. Wadudu wamezibungua, unyevu umeziozesha, na maseremala wanabandua ubavu ili watie mwaloni mpya. USS Constitution ya Boston, merikebu ya kivita ya Marekani iliyoshushwa majini 1797, imebakiwa na takriban asilimia 10 hadi 15 tu ya mbao za asili.

Kwangu mimi, hilo haliipunguzii thamani. Hata enzi za vita merikebu hizi ziliingia gudini mara kwa mara kubadilishwa mbao, na kila ukarabati unaufanya ufundi wa kuchonga mataruma, yaani mbavu za chombo, na kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, uendelee kuishi mikononi mwa watu. Tena mgeni anayeinama chini ya boriti za sitaha ya mizinga ya Victory, akaona mahali vitanda vya turubai vilipotundikwa vikisongamana, anaelewa kwa mgongo wake mwenyewe maisha ya mabaharia zaidi ya 800. Chombo cha namna hii kikanyagwe.

Vasa, merikebu ya kivita ya Sweden iliyoko Stockholm, ni habari nyingine kabisa. Ilizama 1628 katika safari yake ya kwanza, ikaibuliwa 1961, na karibu mbao zake zote ni zile zile. Ilinyunyiziwa dawa kwa miaka 17 ili isisinyae na kupasuka. Kisha kiangazi cha mvua cha mwaka 2000, wageni walipofurika na nguo zao mbichi, unyevu ukapanda katika jumba lake la makumbusho na chumvi zenye asidi zikachomoza juu ya mbao. Ikabidi mitambo ya hewa iboreshwe na maelfu ya bolti za chuma zibadilishwe. Wageni hawaruhusiwi kupanda. Wanaonung'unika nawaelewa, lakini ubao wa Vasa ukiharibika hauna mbadala.

Portsmouth wamefanya jambo jema kutofunga milango wakati wa kazi, wageni wakawaona mafundi kwa karibu. Magudi mengine yaige.