"Nunua bodi kubwa" ni jibu la mvivu

Kijana anauliza afanyeje ili LED nane zipande na kushuka mwanga, kila moja kivyake, kwa ATmega328P, chipu inayoendesha bodi ya Arduino Uno. Chipu yenyewe ina chaneli sita tu za PWM, yaani pini zinazoweza zenyewe kuwasha na kuzima taa haraka hadi mwanga uonekane umepungua. Wakongwe wakamjibu: nunua bodi kubwa. Basi! Hakuna aliyeomba hata kuiona programu yake.

Mimi niliiomba. Kila intarapti ya taima (taima inakatiza kazi ya chipu ili kipande kifupi cha programu kifanye kazi) inaongeza kaunta, inailinganisha na thamani za LED zote nane, kisha inaita digitalWrite, amri ya kuwasha au kuzima pini moja, mara nane. Ukitaka viwango 256 vya mwanga kwa duru 100 kwa sekunde, hizo ni intarapti 25,600 kila sekunde. Kwa saa ya megahezi 16, kati ya intarapti moja na nyingine una mizunguko 625 ya saa hiyo, na digitalWrite hula makumi ya mizunguko kila ikiitwa. Zidisha kwa nane. Chipu haina pa kupumulia, halafu mnasema eti ni ndogo!

Jamani, acheni kuiuliza swali lilelile mara 256. Thamani ya mwanga ina biti nane. Biti ya chini kabisa itawale kipande kimoja cha muda (ikiwa 1 taa inawaka, ikiwa 0 inazimwa), inayofuata viwili, kisha vinne, hadi 128. Zinabaki intarapti nane kwa duru, 800 kwa sekunde. Na kwa kuwa LED nane zinaenea kwenye baiti moja, unaandaa baiti nane mapema, pale tu mwanga unapobadilika. Intarapti ikija inaweka baiti kwenye PORTD, rejista inayotawala pini nane kwa pamoja, inaipa Taima 1 muda unaofuata, inaondoka. Hata ikila mizunguko 100, jumla ni 80,000 kati ya milioni 16. Hapo ndipo mlipotaka mtoto wa watu atoe hela?

(Pini 0 na 1 za Arduino Uno zimo kwenye PORTD hiyohiyo. Ukifungua mawasiliano ya siriali zinachukuliwa, usije ukalaumu taa.)

Haya, nakubali: kutoka 127 kwenda 128 biti zote nane zinageuka kwa mpigo, na jicho kali linaweza kuona taa ikishtuka. Baiti mpya ziandae pembeni, uzihamishe mwanzo wa duru, itapungua. Servo, ile mota inayogeuka hadi pembe unayoiamuru, nayo usiiguse kwa njia hii. Inataka mpigo mmoja mzima wa milisekunde 1 hadi 2, haitaki vipandevipande. Lakini kijana aliuliza LED.