Mwacheni Mchekeshaji Atutishe

Juzi nilimsindikiza binti mmoja mchekeshaji hadi ofisi fulani Kilimani. Kwapani alikuwa na mswada wa filamu ya kutisha: soja wa usiku anayelinda ghorofa ambayo ujenzi wake ulikwama, na sauti anazozisikia kutoka juu. Ameuandika miaka miwili, usiku, akishatoka jukwaani. Bwana aliyetupokea alisoma ukurasa wa kwanza, akaufunika, akamwambia, "Dada, watu wanakujua kwa kuchekesha. Tuletee kitu cha kuchekesha."

Tulishuka ngazi kimya. Tukapanda matatu, bado kimya, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Nilikasirika, na hasira hazijaniisha.

Jordan Peele, mwongozaji wa filamu wa Marekani, alikuwa nani kabla ya 2017? Mchekeshaji. Alipitia kipindi cha vichekesho cha MADtv, kisha yeye na Keegan-Michael Key wakabuni kipindi chao, Key & Peele, kilichoonyeshwa kuanzia 2012 hadi 2015. Wengi wetu tulimjua kama yule anayemwiga Obama kwa upole, huku Key akipayuka kando yake hasira ambazo rais hawezi kuzitamka. Halafu akaandika na kuongoza filamu ya kutisha, Get Out, iliyogharimu dola milioni 4.5 hivi na kuingiza zaidi ya milioni 250. Machi 2018 akawa mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mswada asilia.

Watu husema aliacha vichekesho. Hakuacha chochote! Kumbukeni mwisho wa filamu ile. Chris, kijana mweusi ambaye ndiye mhusika mkuu, ameponea chupuchupu, yuko barabarani usiku, damu mwilini, msichana mzungu amelala miguuni pake. Taa za gari la polisi zinamulika. Anainua mikono. Niliitazama Ngara, tukiwa watu wanane kwenye chumba kimoja tumezunguka laptopu, na hakuna aliyepumua. Jirani yangu akanong'ona, "Wamemmaliza." Kijana wa Nairobi haelezwi maana ya taa zile. Kisha mlango ukafunguka, akashuka Rod, rafiki yake Chris anayefanya kazi uwanja wa ndege, yule yule aliyekuwa akituchekesha tangu mwanzo. Chumba kizima kililipuka. Jirani yangu alikuwa analia.

Mwanzoni Peele alipiga picha mwisho mwingine, ambamo wanaokuja ni polisi kweli na Chris anaishia gerezani. Akaubadilisha. Uamuzi huo, kwangu, ni wa mtu aliyewahi kusimama mbele ya umati uliokataa kucheka. Mtu huyo anajua kifua cha mtazamaji kinabana lini na kinaachia lini. Anajua neno likicheleweshwa kidogo tu, maana yake inageuka. Hofu na kicheko vyote vinaishi kwenye ule ucheleweshaji, na hakuna darasa linalofundisha jambo hilo kama jukwaa.

Mwaka 2019, katika filamu yake Us, alimkabidhi Lupita wetu watu wawili awabebe kwa mwili mmoja. Sijamwona akitisha hivyo tena.

Na hapa nyumbani? Wachekeshaji wa kundi la Redykyulass walimwiga Moi akiwa bado Ikulu. Mzee Ojwang' aliweza kukuchekesha na kukuumiza katika kipindi kimoja cha Vitimbi. Nani alithubutu kusema ile si kazi nzito?

Nakubali, shingo upande, kwamba baadhi ya filamu za wachekeshaji wetu ni vichekesho vifupi vilivyoungwa kwa uzi. Nimewahi kulipia tiketi nikatoka kabla ya mwisho. Pia najua milioni 4.5 za dola, ambazo kule Hollywood ni kidogo, huku ni ndoto. Lakini binti huyu hakuomba dola. Aliomba mtu afungue ukurasa wa pili.

Jana usiku amenitumia ukurasa mpya wa kwanza. Soja ameketi gizani, anamsimulia mbwa wake kichekesho. Anafika mwisho, ananyamaza. Na huko juu, ghorofani, mtu anacheka.