Tarehe 9 Desemba: Uhuru wa Tanganyika au wa Tanzania Bara?

Ikikaribia tarehe 9 Desemba, mabango ya sherehe huandikwa "Uhuru wa Tanzania Bara", na hapo hapo swali la miaka yote huzuka: hiyo Tanzania Bara ilitawaliwa na nani hata ikapata uhuru?

Turudi kwenye usiku wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, jijini Dar es Salaam, bendera ya Mwingereza ilishushwa, ya Tanganyika ikapandishwa. Ilikuwa ya kijani, na katikati ina mstari mweusi uliopakana na dhahabu juu na chini. Buluu haikuwemo. Buluu tuliipata 1964, baada ya Muungano, kutoka bendera ya Zanzibar. Usiku ule ule Luteni Alexander Nyirenda aliusimamisha Mwenge juu ya Kilimanjaro. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile, Tanganyika ikawa jamhuri na Mwalimu Nyerere akawa rais wake wa kwanza. Hakuna hata mmoja uwanjani 1961 aliyekuwa amelisikia neno Tanzania.

Wanaotetea "Tanzania Bara" wana hoja ya kisheria, tena nzito. Dola ya Tanganyika iliungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Katiba ya 1977, ibara ya 151, inaeleza kwamba Tanzania Bara ni eneo lote la Jamhuri ya Muungano ambalo zamani lilikuwa eneo la Jamhuri ya Tanganyika. Kwa hiyo anayesherehekea leo ni Bara, maana Tanganyika haipo tena kama nchi. Nyuma ya sheria ipo hofu. Mwaka 1993 wabunge 55 walidai serikali ya Tanganyika, Mwalimu akawapinga waziwazi. Na mwaka 2013 rasimu ya katiba ya tume ya Jaji Warioba ikapendekeza serikali tatu: ya Bara, ya Zanzibar na ya Muungano. Tangu hapo, ukilitamka jina Tanganyika jukwaani, wapo watakaodhani unataka kuuvunja Muungano.

Hofu hiyo naielewa, ila siamini kwamba dawa yake ni kubadilisha jina la tukio lililokwisha kutokea. Wengine huongeza kwamba Tanganyika ni jina la mkoloni, kwa kuwa ni Waingereza walioipa nchi jina hilo mwaka 1920, wakilichukua kwenye ziwa. Ni kweli. Lakini waliopigania uhuru walilibeba wenyewe: herufi ya kwanza ya TANU (Tanganyika African National Union), chama kilichozaliwa Julai 1954, ndiyo hiyo. Walilichukua jina la mtawala wakamng'oa nalo.

Kuna mfano ambao watetezi wa Bara wangeweza kuutumia. Dahomey ilipata uhuru wake mwaka 1960, ikabadili jina kuwa Benin 1975, na leo Benin huadhimisha siku ile ile bila mtu kuuliza. Kwa nini sisi tusumbuke? Tofauti ni kwamba Dahomey ilibadili jina tu, watu na mipaka vikabaki vile vile. Tanganyika iliungana na nchi nyingine yenye tarehe zake. Zanzibar ilipewa uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani, lakini sherehe yake kubwa ni Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Ndiyo maana kusema "uhuru wa Tanzania", kama wengi tunavyoteleza, ni kosa kubwa zaidi, kwani kunaimeza Zanzibar. Neno Bara angalau linalizuia kosa hilo, na sifa hiyo nalipa bila kinyongo.

Hata hivyo, kwangu mimi Bara ni jina la mahali tunapoishi leo, na Tanganyika ni jina la nchi iliyopata uhuru. Bango linaweza kusema "Uhuru wa Tanganyika, 1961" na Muungano usitikisike, kwa sababu Hati za Muungano zenyewe zinaitaja Tanganyika kuwa mshirika mmojawapo. Mtoto wa darasa la nne akiulizwa ni nchi gani iliyopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, akajibu "Tanganyika", mwalimu ampe alama zote.