Mikono ya Bibi na Katazo la Kliniki

"Mtoto asikandwe." Mama wengi wa Pwani wamelisikia neno hilo kliniki, kisha wakarudi nyumbani wakamkuta bibi ameketi mkekani, miguu kainyoosha, kikombe cha mafuta ya nazi ubavuni, anamngoja mjukuu wake. Mzazi anabaki katikati: amsikilize nesi au mama mkwe?

Nesi ana sababu zake. Wapo wanaobana kichwa cha kichanga kiwe cha mviringo, wanaovuta pua ichongoke, wanaokamua matiti yaliyovimba ili "maziwa" yatoke. Matiti hayo huvimba kwa homoni za mama na hunywea yenyewe. Kuyakamua ndiko kunakoleta jipu. Kumning'iniza mtoto kwa mkono mmoja, eti viungo vikomae, nako hakuna wa kukutetea. Lakini katazo halikuchagua. Limefagia vyote, hata kile ambacho bibi alikifanya vizuri kuliko sisi sote: kumpaka mtoto mafuta, kumpitishia mkono mgongoni polepole, kumkunja miguu na kumkunjua.

Mwaka 1986 Tiffany Field wa Chuo Kikuu cha Miami na wenzake walichapisha utafiti wa watoto njiti 40. Nusu yao walichuliwa mara 3 kwa siku, robo saa kila mara, kwa siku 10. Dakika 5 za kupapaswa, dakika 5 za kukunjwa na kukunjuliwa mikono na miguu, dakika 5 za kupapaswa tena. Aliyelelewa Tanga au Lamu haulizi utaratibu huo aliuona wapi. Waliochuliwa waliongezeka uzito kila siku kwa asilimia 47 zaidi ya wenzao, na walitoka hospitali siku 6 mapema.

Hiyo asilimia 47 imetembezwa mno, tena na watu wenye kitu cha kuuza, kwa hiyo tuitazame vizuri. Haina maana kwamba watoto walikuwa wazito karibu mara moja na nusu. Waliochuliwa waliongezeka wastani wa gramu 25 kwa siku, wenzao 17. Tofauti ni gramu 8, kama kijiko cha chai kimoja na nusu cha maji. Kwa mtu mzima si kitu. Kwa njiti wa kilo moja na robo, gramu 8 kila siku ni jambo la kumfanya mama atabasamu mbele ya mizani. Nami hainivuti gramu yenyewe kama linavyonivuta hili: makundi yote mawili yalikunywa maziwa kiasi kilekile. Basi uzito ule ulitoka wapi? Maelezo waliyoyafuatia watafiti baadaye ni kwamba mkono unaokandamiza kiasi huamsha neva ya vagasi, ule mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka ubongoni hadi tumboni, na tumbo likafanya kazi yake vizuri zaidi. Mkono mwepesi mno haukuleta matokeo hayo. Ni kama kumtekenya tu. Bibi naye hapapasi kama anayefuta vumbi.

Wanaopinga wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ilitoka mwaka 2013, pale mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalipokusanya tafiti 34 za watoto wenye afya walio chini ya miezi 6. Nyingi zilikuwa dhaifu, na waandishi hawakuona msingi wa kupendekeza kuchua kwa kila mtoto. Naikubali hesabu hiyo. Ila kutothibitika faida kwa mtoto mzima wa afya ni jambo moja, na kumkataza bibi ni jambo jingine.

Halafu kuna wanaodai kwamba kugusa fuvu kidogo tu kunatosha "kuutuliza mfumo wa fahamu" wa mtoto. Tiba hiyo ya fuvu na uti wa mgongo ilichipuka kwa Mmarekani William Sutherland, ikaenezwa na John Upledger. Wataalamu wake husema vidole vyao vinahisi mdundo wa majimaji ya ubongo. Walipopimwa wawili wawili juu ya mgonjwa mmoja, hawakukubaliana mdundo ni upi. Kwa hili, nesi akikunja uso namuunga mkono. Namuunga mkono pia anapomwogopa mkandaji anayemchua mtoto mwenye homa, au aliyekataa kunyonya, hadi usiku unaingia.

Hospitali zenyewe zimerudi kwenye ngozi. Muhimbili ya Dar es Salaam ilikuwa mojawapo ya hospitali 5, nyingine zikiwa Ghana, India, Malawi na Nigeria, zilizoshiriki utafiti uliochapishwa 2021 wa kumweka njiti kifuani mwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, kwa mtindo wa kangaroo. Vifo vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubiri hadi hali itulie. Pale kuna joto na kunyonya mapema, si kuchua. Hata hivyo, miaka iliyopita mtoto wa namna ile alikuwa haguswi.

Nesi angeweza kutaja vitu vinne tu: utosi, shingo, matiti, kitovu. Hapo mkono usikandamize. Na asimwambie mama mzazi peke yake. Bibi mara nyingi yuko palepale kliniki, nje kwenye benchi, kamshikia mkwewe mkoba. Aitwe ndani.